Kabla ya Kupimwa

Ninaandikia tasnifu yangu chumba cha majalada,
Baraza la Ardhi, Moshi, dirisha la nyuma,
kwa hisani ya karani, Bi. Nakunda,
anayeniuliza kila asubuhi kama nimeshapata jibu
na kunipa ndizi mbivu kabla sijasema.

Swali lenyewe dogo, hata aibu kulitaja:
kitu ambacho bado hakijapimwa, kiko wapi?
Wanafizikia wanasema chembe, ukiiachia gizani
mbele ya nyufa mbili, haichagui.
Hupita kama wimbi, huku na huku.
Weka jicho kwenye ufa uikamate,
inashika adabu ghafla: ufa mmoja tu,
kama mtoto aliyesikia kikohozi cha baba.

Wanafalsafa wakauliza: ilikuwa mahali
kabla ya jicho? Au jicho ndilo lililozaa mahali?

Wanasheria hawakuuliza. Waliahirisha.

Shauri namba arobaini na moja. Jalada la kijani,
kamba yake ilikatika, limefungwa kwa uzi wa katani.
Ndekirwa binti Makundi dhidi ya Eliawony Shao:
migomba kumi na saba, mibuni sita,
na mstari wa masale uliohama usiku,
au haukuhama. Miaka kumi na tisa.
Ndekirwa ni shangazi yangu. Profesa wangu hajui.

Sura ya pili niliiandika kwa furaha:
kabla ya hukumu, kihamba ni cha wote wawili;
si kwamba hatujui ni cha nani,
bali hakuna bado cha kujua.
Nikajiona nimegundua moto.
Jumamosi nikapanda Kibosho, nikamsomea jikoni.
Alikuwa akimenya ndizi za mtori,
viganja vyeusi kwa utomvu, hakuinua uso.
"Cha wote wawili? Mbona mbolea natia mimi?"

Sufuria ikachemka. Nikafunga daftari.

Sasa nafuta. Chembe haina mama aliyezikwa
chini ya mgomba wa tatu kutoka kwenye mfongo.
Chembe haijui mkono ulioipanda.
Lakini siwezi kufuta yote, maana yule mpima ardhi
aliyekuja na mnyororo wake mwaka wa mvua kubwa
alikuta watu wawili wanaazimana chumvi juu ya masale.
Akapima. Akaandika. Akanywa chai ya pande zote mbili.
Alipoondoka, mmoja alikuwa mdai, mwingine mdaiwa.

Nimeiuliza hata lugha.
Haki na hakika ni tumbo moja;
hakimu na hukumu, tumbo jingine kabisa.
Wamefanana sura tu, kama waombolezaji wa koo mbili
waliokaa benchi moja, ukadhani ni ndugu.
Labda ndiyo sababu mtu hutoka barazani
hukumu ikiwa mkononi, imepigwa muhuri,
akasimama pale getini anatazamatazama
kama aliyesahau mwavuli ndani.

Jumatatu Bi. Nakunda hakuniletea ndizi.
"Jalada lako limeonekana. Mwenyekiti amelipangia Alhamisi."
Sikuligusa, nikasema. Nililisoma tu.
"Ndiyo. Ulilisoma kila siku
na kila siku ukaliacha juu ya rundo."

Miaka kumi na tisa lilikuwa chini, halina mahali.
Nimelitazama miezi miwili.

Leo Jumatano, umeme umekatika Majengo nzima.
Nimewasha mshumaa, sura ya pili iko mbele yangu,
nusu imefutwa, nusu inasomeka chini ya kufutwa.
Kesho saa tatu kihamba kitakuwa upande mmoja.
Shangazi amepiga simu. Hakuuliza kuhusu chembe,
wala kama tutashinda.
Ameuliza avae viatu vipi:
vya kanisani, au vile vyenye udongo.